Mzee Alipata Kumi na Saba

Mtu aliyetunga fomu ile hajawahi kumbadilisha nguo mtu mzima. Hilo halihitaji ushahidi, ukiisoma tu unajua. Ina maswali kumi, kila swali na majibu yake ya kuchagua, na walioitunga walikaa ukumbini siku tano wakinywa maji ya chupa, wakapongezana kwamba sasa mgonjwa asiyejiweza hatalazimika kupelekwa makao ya wazee, kwani Mpango wa Huduma Nyumbani utamlipia mhudumu amfuate pale pale kitandani kwake. Wazo zuri. Hata shetani asingelipinga. Ila mlango wa kuingilia kwenye wazo hilo zuri ni fomu ile, na fomu ile iliingia mtaa wa Malangali, Sumbawanga, Jumanne moja ya mwezi wa saba, asubuhi ya upepo mkali, ikiwa ndani ya kishikwambi cha kijana aitwaye Eustace.

Nyumbani kwa Basil walikuwa wameamka saa kumi na moja kumwandaa mzee. Huyu ni Mzee Wilibrodi, baba yake Basil, aliyekuwa katekista huko upande wa Namanyere miaka thelathini na minne, mpaka kiharusi kilipomlaza upande wote wa kulia. Akili ilibaki, ulimi ulibaki ukiburuta kidogo, na adabu ilibaki nzima. Sasa mgeni wa serikali anakuja, nao wakafanya kama wanavyofanya watu wenye adabu. Basil alimnyoa baba yake ndevu. Cornelia, mke wa Basil, ambaye nyumbani huitwa Mama Sharon, akachemsha maji, akatoa shuka zote, akafungua madirisha hewa ipite, akalipiga pasi koti la kahawia ambalo mzee alilivaa kwenye misa za sikukuu. Jirani yao Kalista akaleta kiti chake cha mito. Wakamkalisha mzee humo, wakamkaza kwa mto huku na mto huku asije akalala upande. Walipomaliza, ungedhani anasubiri kupigwa picha ya arusi ya mjukuu.

Wapumbavu. Nawapenda, lakini wapumbavu. Unamwandaa mgonjwa apendeze mbele ya mtu aliyekuja kupima ugonjwa!

Eustace aliingia na viatu vyake vyenye ncha, akatafuta pa kuweka begi pasipo na vumbi, ingawa vumbi halikuwepo. Cornelia alikuwa amepiga deki mara mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Hujambo mzee? Hali yako?"

"Hatujambo kabisa. Tunamshukuru Mungu."

Kidole cha Eustace kikagusa kioo. Swali la kwanza lilikuwa limeshajibiwa: mgonjwa anaonaje hali yake. Kijana alikuwa amefanyiwa mafunzo ya siku mbili ya kutumia kishikwambi, na katika siku hizo mbili hakuna aliyemfundisha kwamba mtu wa Ufipa, hata akiwa anakata roho, ukimuuliza hali atakwambia hajambo, kisha aulize za kwenu.

"Unakula vizuri, mzee?"

"Nakula sana. Mama Sharon hapa ananipikia, sina la kulalamika."

Alikuwa akilishwa kwa kijiko. Kidole kikagusa: anakula mwenyewe.

"Unatembea?"

"Tunatembea polepole, mwanangu. Uzee."

"Nguo je, unavaa mwenyewe?"

Mzee akacheka kidogo, akajitazama lile koti. "Si unaniona nimevaa?"

Na Eustace naye akacheka, akaona mzee huyu mcheshi, akagusa. Basil alikuwa amesimama pembeni akitabasamu kama mzazi ambaye mwanawe anajibu vizuri mbele ya mkaguzi wa shule. Likafika swali la nane.

"Na chooni, mzee? Unakwenda mwenyewe? Mkojo, haja kubwa, unaweza kuzuia?"

Cornelia alikuwa mlangoni na sinia la chai.

*

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mtu wa mbali atasema hawa walikuwa waongo.

Kwa kina Basil, baba mkwe na mke wa mwana ni watu wa kupishana kwa heshima. Mke hakai kwenye kitanda cha baba mkwe, hamtajii kiungo cha mwili, hapiti mbele yake na kanga moja. Ndivyo alivyolelewa mzee, na ndivyo Cornelia alivyofundwa. Lakini Basil ni dereva. Basi la tajiri wake Hamidi analoliendesha huondoka stendi alfajiri kwenda Namanyere na Kipili, na hurudi jioni. Mtoto wao Sharon yuko shule ya bweni. Asubuhi ya kwanza baada ya mzee kuletwa kutoka hospitali, nyumba ilibaki na watu wawili ambao desturi haiwaruhusu hata kutajiana neno choo, na mmoja wao alikuwa amelowa.

Cornelia alisimama nje ya pazia la chumba na beseni la maji ya moto. Alikaa pale kitambo. Mwishowe akasema, "Baba, nakuja kufagia."

Mzee akakohoa. "Fagia, mwanangu."

Alipoingia alimkuta amefumba macho. Amelala. Akachukua ufagio na kufagia kweli, mara tatu nne, ili lile neno lisiwe la uongo. Kisha akaweka ufagio chini akafanya kazi yenyewe: akamgeuza, akamvua, akamsafisha, akamvika, akatandika. Mzee hakufumbua jicho. Cornelia alipokuwa tena nje ya pazia akasema, "Nimemaliza kufagia," na mzee akaamka kama watu wanavyoamka, akauliza kama upepo wa leo ni wa kuanika ulezi.

Ikawa hivyo kila siku, miaka miwili. Hawakuwahi kupatana kwa mdomo. Basil alijua na hakuuliza, kwa kuwa kuuliza kungemlazimu kufanya kitu. Ile ilikuwa huduma ya nyumbani kabla wenye ukumbi hawajaipa jina, na iliendeshwa na ufagio mmoja na macho ya kufumba.

Kwa hiyo Eustace alipouliza swali la nane kwa sauti ya kutangaza mnada, mzee angejibu nini?

"Nakwenda," alisema Mzee Wilibrodi. "Naam. Nakwenda vizuri tu."

Cornelia akaweka sinia mezani, akatoka. Basil akatazama viatu vyake. Eustace akamaliza maswali, akanywa chai, akala maandazi manne, akamwambia mzee yuko imara kuliko vijana wengi wa mjini.

*

Ijumaa simu ya Basil ikalia ujumbe. NDUGU WILIBRODI, UMEPATA ALAMA 17 KATI YA 20. HONGERA KWA AFYA NJEMA. HUKIDHI VIGEZO VYA HUDUMA NYUMBANI.

Ili ukubaliwe unatakiwa kupata nane kushuka chini. Mzee alipata kumi na saba. Zile tatu walizomnyima mpaka leo hatujui ni za nini. Labda kwa kuwa hakusimama kumsindikiza mgeni.

Basil alisoma ujumbe ule mara mbili. Cornelia hakutaka kusomewa mara ya pili. Yeye alikuwa mpishi wa shule, anatakiwa jikoni saa kumi na mbili uji wa wanafunzi uwahi, na kwa sababu ya kufagia alikuwa anafika saa mbili kasoro. Mkuu wa shule alivumilia miaka yote miwili, tena kwa maneno mazuri, kisha akasema mwisho wa mwezi wa nane. Baada ya hapo atachukua mpishi mwingine. Mshahara ule ndio uliokuwa ukimsomesha Sharon. Mhudumu wa Mpango angekuja asubuhi sita kwa juma, na mambo yote yangekwisha.

Jioni Timoth akapiga simu. Timoth ni kaka yake Basil, yuko Dodoma, ana ofisi na kadi shingoni, na huzungumza na ndugu zake kama anayewasomea taarifa ya habari.

"Mimi nilishasema. Makao. Kule kuna manesi, kuna televisheni, kuna bustani. Nimeona picha."

"Kaka, ni mbali. Ni safari ya siku nzima na zaidi. Nani atamtembelea?"

"Mimi nitalipa kila kitu. Wewe kazi yako ni kumpandisha kwenye gari tu."

Cornelia alikuwa anasikia, simu ilikuwa imewekwa spika. Akamwashiria Basil amuulize.

"Sasa kaka, hela hiyo hiyo ya makao si ungemlipia msichana tu akaja hapa nyumbani? Hata nusu yake haifiki."

Timoth akacheka kile kicheko chake cha ofisini. "Basil, nilipie kitu ambacho mke wako anakifanya bure?"

Ningependa kusema Basil alimjibu. Alisema, "Sawa kaka, tutaongea."

*

Cornelia akaenda ofisi ya Mpango mwenyewe. Alikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi, akaitwa karibu na saa saba, akamkuta dada aitwaye Edith, mwenye kope za kubandika na roho si mbaya.

Edith alifungua kompyuta. "Hapa inaonyesha anakula mwenyewe, anavaa mwenyewe, anatembea polepole, chooni anakwenda vizuri. Sasa dada, huyu ana shida gani?"

"Hawezi hata moja ya hayo."

"Mlijibu nini?"

"Alijibu yeye. Aliulizwa hajambo, akasema hajambo."

Edith akashika paji la uso. "Sisi watu wa huku! Mama yangu mdogo wa Laela naye hivyo hivyo. Mguu umeoza, anasema tunamshukuru Mungu." Akachapa fomu ya rufaa, akaisukuma mezani. Halafu akainama karibu. "Sikiliza, nakwambia kama dada yako. Siku watakapokuja, msimwogeshe. Msimbadilishe. Wamkute alivyo."

"Alivyo?"

"Alivyo. Wanuse. Ukimsafisha tena, atapata ishirini."

"Basi maswali nitajibu mimi."

"Haiwezekani. Mgonjwa mwenye akili timamu anajibu mwenyewe. Wewe una maslahi."

"Maslahi gani?"

"Sijui. Ndivyo ilivyoandikwa."

Cornelia akaikunja fomu, akaitia kwenye mkoba. Njiani alipita sokoni, akanunua samaki, migebuka ya Kipili ambayo mzee huipenda, kama mtu anayelipa kosa ambalo bado hajalitenda.

*

Mtu wa kumwambia mzee alikuwa Basil. Mwanaume kwa mwanaume, mtoto kwa baba. Aliingia chumbani baada ya chakula, akakaa saa nzima. Cornelia jikoni alisikia habari za tairi la basi, habari za bei ya mahindi, habari za paroko mpya wa Namanyere. Basil akatoka anajifuta jasho, na Sumbawanga mwezi wa nane hakuna jasho.

"Umemwambia?"

"Ameelewa."

Hakuwa amemwambia. Yule ni mwanaume anayeshusha basi lililojaa kwenye mteremko wa kwenda ziwani, ndani ya ukungu, mkono mmoja ukitafuta stesheni ya redio. Kumwambia baba yake, "Waambie unajinyea, ili ukae na sisi," kulimshinda. Akaona afadhali hali ijiseme yenyewe.

Barua ilisema wajumbe wa rufaa watafika Alhamisi saa mbili kamili asubuhi. Cornelia akaomba ruhusa kazini, akapewa kwa midomo iliyobanwa. Basil akamwachia mwenzake basi.

Saa kumi na mbili mzee alikohoa, kama kila siku. Cornelia alikuwa ameshachemsha maji kwa mazoea. Akainua beseni. Basil akamshika mkono.

"Acha, Mama Sharon. Uliambiwa nini?"

"Anangoja."

"Masaa mawili tu. Watu wanakuja."

Ndani, mzee alikuwa amefumba macho. Alingoja. Saa moja ikapita. Saa mbili ikafika, wajumbe hawakufika. Saa tatu. Maji kwenye beseni yakapoa, Cornelia akayapasha tena, yakapoa tena. Harufu ikaanza kutoka kwenye pazia. Basil alikuwa barabarani anapiga simu, na simu ilikuwa inaita tu.

Saa nne mzee akasema kutoka chumbani, taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, "Mama Sharon. Leo hufagii?"

"Nakuja, Baba," alisema Cornelia. Akaketi kwenye kigoda cha jikoni, akajiziba mdomo kwa kanga. Hakwenda.

Mzee hakuuliza tena.

Wajumbe walifika saa sita na robo. Gari lilikwenda kwanza kuweka mafuta, kisha wakapitia supu. Walikuwa watatu: Eustace na kishikwambi chake, mama mmoja mkubwa wake, mnene wa miwani, aliyefika chumbani tu akatoa leso akaiweka puani na hakuiondoa mpaka mwisho, na mwenyekiti wa mtaa, aliyeletwa kuwa shahidi. Mwenyekiti huyu alifundishwa komunyo ya kwanza na Mzee Wilibrodi. Sasa alisimama kwenye kona ya chumba, akitazama kalenda ya ukutani.

Mzee alipowaona alijaribu kujiinua kwa mkono wa kushoto, akashindwa.

"Karibuni. Mtusamehe, wageni," alisema. "Leo nyumba haijafagiliwa."

"Usijali mzee," alisema mama wa leso. "Eustace, nenda moja kwa moja kwenye yale yenye utata."

Eustace akasoma, na macho yake hayakutoka kwenye kioo. "Mzee, unakwenda chooni mwenyewe? Mkojo, haja kubwa, unaweza kuzuia?"

Ndani ya chumba kile mlikuwa na watu wazima sita na pua sita. Hakuna aliyekuwa hajui. Mbuzi wa Kalista huko nje alikuwa anajua. Mzee akamtazama mwenyekiti, akamtazama mwanawe, na kwa Cornelia, aliyekuwa mlangoni, hakutazama.

"Nakwenda," alisema. "Nakwenda vizuri."

Mama akageuka kwa Basil, leso puani. "Mnaona? Jibu ni la mgonjwa. Sisi hatuwezi kuandika harufu." Kidole cha Eustace kikashuka.

"Anadanganya."

Ilikuwa sauti ya Cornelia. Basil akageuka kama aliyechapwa. Mke wa mwana kumwita baba mkwe mwongo, mbele ya wageni, mbele ya mwenyekiti! Hata mama wa leso, asiye wa huku, alishtuka.

"Anadanganya," alisema tena, na safari hii machozi yalikuwa yanamtoka pamoja na hasira. "Hajaenda chooni miaka miwili. Anajisaidia hapo alipo. Mimi ndiye ninayemvua, ndiye ninayemsafisha, mbele na nyuma, kila siku ya Mungu, na mgongoni ana kidonda ukubwa wa kiganja, na kula nampa kwa kijiko, na hilo koti mliloliona siku ile nilimvika mimi. Andika. Si mlitaka kusikia? Andika!"

Nje, Kalista alikuwa amesogea dirishani. Alisikia neno kwa neno.

Mama wa leso akakohoa. "Mama, tumekusikia, lakini utaratibu… Mzee, ni kweli anayosema?"

Mzee Wilibrodi alikuwa anatazama dari.

"Mke wa mwanangu si mwongo," alisema.

"Kwa hiyo jibu lako ni hapana? Huwezi?"

"Andika."

Eustace akagusa, akagusa, akagusa. Kishikwambi kikatoa mlio mdogo wa furaha. Akamwonyesha mkubwa wake.

"Mbili!" alisema yule mama, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, leso pale pale. "Alama mbili kati ya ishirini. Hongereni sana, mmefaulu. Mhudumu ataanza Jumatatu ya wiki ijayo."

Wakaaga, wakaondoka. Mwenyekiti ndiye pekee aliyeshindwa kuaga. Alitokea uani, upande wa choo, kama aliyesahau kofia huko.

*

Cornelia akachemsha maji upya. Akasimama nje ya pazia na beseni. Mdomo wake ukalitafuta lile neno ukalikosa.

"Ingia," alisema mzee.

Akaingia. Mzee alikuwa amefumbua macho.

Cornelia akangoja ayafumbe. Hakuyafumba. Basi akafanya kazi yake hivyo hivyo, bila kujua aangalie wapi, na ilimchukua muda mara mbili. Mzee alitazama dari tangu mwanzo mpaka mwisho, kama anayekaguliwa mpakani. Alipokuwa ameshavikwa nguo safi akasema, "Mpigie Timoth simu. Mwambie nitakwenda."

"Kwenda wapi, Baba?"

"Huko kwenye bustani."

Cornelia akaketi. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha baba mkwe wake, na wala hakujua kwamba ameketi. "Baba, wamekubali. Mhudumu anakuja Jumatatu. Unakaa hapa hapa nyumbani. Ndiyo maana nilisema vile. Nisamehe, Baba."

"Sina cha kukusamehe. Ulisema kweli."

"Kule watakuvua watu usiowajua."

"Ndiyo," alisema mzee. "Hao hawajawahi kuniita baba. Mtu nisiyemjua akinivua, ni kazi yake, jioni anakwenda kwao. Wewe nitakutazamaje?"

"Siku zote si ulikuwa unanitazama?"

"Siku zote nilikuwa nimelala," alisema Mzee Wilibrodi.

Basil aliporudi kutoka kuwasindikiza wageni, akiwa na furaha ya kijinga ya mtu aliyeshinda kesi, aliambiwa. Alilia. Alimsihi baba yake siku mbili, akamleta mpaka paroko. Mzee aliwasikiliza wote kwa heshima, akawaombea heri, akauliza gari ni siku gani. Kwa Cornelia alikuwa mpole kuliko zamani. Alimshukuru kwa kila kijiko, na ule upole ndio uliomkata maini.

Timoth alifurahi mno. Alikodi gari zuri lenye viti vya kulala, ila mwenyewe hakuja, alikuwa na kikao. Jumamosi majirani walijaa uani. Kalista alilia kwa sauti kuliko wote. Mdomo wake ulikuwa umeshazunguka Malangali nzima na lile alilolisikia dirishani. Mzee alikuwa ndani ya koti la kahawia. Aliwabariki watu kwa mkono wa kushoto, akampa Cornelia mkono huo huo, akasema, "Mungu akulipe, Mama Sharon," akitazama kidogo upande wa bega lake. Basil akapanda kumsindikiza. Gari likaondoka.

*

Jumatatu saa kumi na moja na nusu, bado giza, hodi ikapigwa. Alikuwa binti aitwaye Mary, sare ya kijani, begi jipya, glavu za bluu zikichungulia mfukoni. Alikuwa amewahi. Katika wote walioletwa na Mpango ule, huyu peke yake ndiye aliyewahi.

"Shikamoo mama. Nimetumwa kwa Mzee Wilibrodi. Naanzia wapi?"

"Marahaba. Hayupo."

"Amelazwa?"

"Amepelekwa makao ya wazee."

Mary akatazama kitanda kilichotandikwa, akatazama begi lake. Uso ukamshuka, alikuwa ameahidiwa miezi sita ya kazi. Akatoa simu, akafungua ile fomu yao.

"Lazima nijaze sababu ya mgonjwa kutokuwepo," alisema. "Kuna amefariki, amepona, na amehama. Hakuna nafasi ya kuandika, ni kuchagua tu."

"Hakuna amefukuzwa?"

"Hapana mama. Kwani alifukuzwa?"

"Tulimvua nguo mbele ya watu," alisema Cornelia, akifunga kanga kiunoni. "Akaona aondoke."

Mary hakuelewa.

"Basi nitaweka amehama," alisema.

Cornelia akafunga mlango kwa kufuli. Walitembea pamoja hadi njia panda, wakaagana. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili aliwahi kazini. Mkuu wa shule alimkuta ameshawasha moto, akamsifu mbele ya wenzake.